VIWANJA VYA MICHEZO KATIKA MWAMBAO WA RUMONGE

Barabara kuu itokayo Bujumbura kuelekea kusini hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, hupita Rumonge, kisha huendelea Nyanza-Lac hadi kukaribia mpaka wa Tanzania. Upande mmoja ni maji. Upande wa pili milima huanza kupanda mapema. Ardhi tambarare iliyobaki katikati ni finyu, nayo inagombewa na wenye nyumba, wenye michikichi, wavuvi wanaoanika dagaa, na vijana wenye mpira. Katika shauri hilo mwenye mpira ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Kwa sababu hiyo, Serikali inapozungumzia kusaidia michezo ya wananchi katika mwambao huu, jambo la kwanza ni ardhi. Jezi na vikombe hufuata baadaye.

Ziwa lenyewe limezidisha ugumu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakafunika nyumba za watu pamoja na fukwe ambako watoto walizoea kucheza jioni. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 ilikwisha kutenga eneo la mita 150 kutoka ziwani lisijengwe. Wengi wameichukulia sheria hiyo kuwa katazo tu. Lakini uwanja wa nyasi, wenye magoli ya miti yanayoweza kung'olewa, hauhitaji msingi wala paa. Maji yakija huhamishwa magoli. Yakirudi, mchezo huendelea. Nyumba haiwezi hayo. Wenye mamlaka wakiridhia, sehemu ya ardhi hiyo iliyokatazwa yaweza kuwahifadhia vijana mahali pao.

Lipo jambo zito zaidi. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia katika mwambao huu, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporejea kwa wingi, hasa kuanzia mwaka 2008, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Kijiji cha Mutambara, karibu na Rumonge, kilijengwa kuwapokea watu wasio na pa kurudi. Huku baba wawili wanashindana mbele ya baraza juu ya mpaka wa shamba, watoto wao, mmoja aliyekulia katika Kiswahili cha Ulyankulu na mwingine katika Kirundi cha mlimani, wanaweza kuvaa jezi ya rangi moja. Askari aliyewahi kuitwa usiku kwenda kuamua ugomvi wa shamba anafahamu thamani ya jambo hilo. Na papo hapo pana hatari: kiwanja ambacho hakikupimwa wala kuandikwa kwa jina la tarafa hakichelewi kudaiwa na mtu. Cheti cha ardhi ni msaada wa Serikali usiopigiwa ngoma, lakini bila hicho mengine yote ni ya muda.

Fedha hazikukosekana kabisa. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuzipatia tarafa faranga milioni 500 kila moja kwa ajili ya maendeleo, na kazi za pamoja za Jumamosi zimejenga mengi. Rais Pierre Nkurunziza, aliyetawala tangu 2005 hadi 2020, alikuwa mwalimu wa michezo kwa taaluma, na katika miaka yake viwanja vilijengwa sehemu nyingi za nchi. Udhaifu umekuwa katika kuvitunza. Hata uwanja mkubwa wa Bujumbura haukukidhi masharti ya shirikisho la Afrika. Mwezi Novemba 2023 Burundi ilipoikaribisha Gambia, mechi hiyo ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Isitoshe, mwaka 2025 tarafa 119 zilipunguzwa kuwa 42, na Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu 2015, ikaingizwa katika mkoa wa Burunga. Tarafa imekuwa kubwa. Uwanja mmoja makao makuu hauwezi kumfaa kijana aliye mbali kwa miguu.

Majeshi ya Afrika ya Mashariki yamekwisha kuonyesha njia. John Akii-Bua, aliyetwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, alikuwa polisi wa Uganda. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Walichopewa na majeshi yao ni mshahara, muda wa mazoezi na mwalimu. Kambi yenye uwanja ikifungua lango lake mara mbili kwa juma, na ikamtoa koplo mmoja ajuaye kupuliza filimbi, imefanya kazi ambayo mahali pengine huhitaji bajeti nzima.

Polisi nao wana fungu lao. Mwezi Machi 2014 mbio za makundi mitaani zilipigwa marufuku Bujumbura, kwa maelezo kwamba wako waliozitumia kuandaa vurugu, na wakimbiaji wakaagizwa kwenda katika viwanja vilivyotajwa. Ubishi wa siasa wa siku zile ni habari nyingine. Hata hivyo, agizo la namna hiyo lina deni ndani yake: anayemzuia kijana kukimbia barabarani hana budi kumwonyesha pa kukimbilia.

Wasichana wasisahauliwe. Timu ya wanawake ya Burundi ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2022, nchini Moroko, ilhali katika viwanja vingi vya vijijini zamu ya wasichana hungoja hadi wavulana wachoke.

Mwisho, kuna suala la ratiba, ambalo wapangaji kutoka mjini hulikosea mara kwa mara. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa na hulala asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki, nao hubaki nchi kavu siku kadhaa. Afisa anayetaka mashindano yenye timu kamili na watazamaji, basi, atazame kwanza mwezi utakuwa mpevu lini, ndipo aandike barua za mwaliko.