Takwimu Zinasomeka, Mbona Hazihesabiki?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha hapa kwa wasomaji wetu kama kawaida.)

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kuungama. Siku moja nilitangaza hewani kwamba kata fulani ina visima 183 vya maji. Nilitangaza kwa sauti ya kujiamini, kama tulivyofundishwa chuoni. Kabla kipindi hakijamalizika simu ya studio ikalia. Alikuwa mwalimu mmoja anayeishi katika kata hiyo hiyo. Akaniuliza kwa upole: "Ndugu mtangazaji, hivyo visima vingine viko wapi? Sisi tunavyo kumi na vinane tu, na mama zetu wanapanga foleni tangu alfajiri."

Nilirudi kwenye taarifa niliyoitumia. Mwalimu alikuwa sahihi. Kwenye ukurasa palikuwa na 18, na juu yake pembeni palikuwa na tarakimu ndogo sana, 3. Hiyo ilikuwa alama ya tanbihi. Chini ya ukurasa tanbihi yenyewe ilieleza kwamba baadhi ya visima hivyo ni vibovu. Nilipohamisha takwimu kwenda kwenye jedwali la kompyuta, ile 3 ndogo ilijibandika kwenye 18, ikazaliwa 183. Kwa hiyo nilikosea mara mbili: niliongeza visima visivyokuwapo, na nikaficha habari ya vile vilivyokufa. Kompyuta haikuona haya. Mwenye kuona haya nilikuwa mimi, na juma lililofuata niliomba radhi hewani.

Taarifa ile ilikuwa faili la PDF. Siku hizi karibu kila ofisi hutoa taarifa zake kwa namna hiyo: bajeti, ripoti za ukaguzi, matokeo ya sensa, hesabu za ushirika. Mwanafunzi, mwandishi wa habari au diwani anayetaka kuzifanyia hesabu hugundua jambo la ajabu. Takwimu anaziona, anazisoma, lakini kompyuta inakataa kuzijumlisha. Ni kama bidhaa zilizo nyuma ya kioo cha duka lililofungwa. Kwa nini iwe hivyo?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Hebu tutazame PDF iliundwaje. Ililetwa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, na aliyeasisi wazo hilo ni John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya uchapaji: waraka uliopangwa vizuri kwenye kompyuta moja ulivurugika ulipofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. PDF ikaahidi kwamba ukurasa utaonekana vilevile popote utakapofunguliwa. Ahadi hiyo imetimizwa, na mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa cha shirika la ISO. Lakini iliahidi sura ya ukurasa tu. Kuhesabika kwa tarakimu zilizomo hakukuwa sehemu ya ahadi.

Ndani ya faili hilo, mara nyingi, hakuna jedwali kabisa. Kuna maagizo kama yale anayopewa fundi wa kuandika mabango: weka 5 hapa, sogea kidogo, weka 3, shuka chini, chora mstari. Kila herufi ina mahali pake palipopimwa kutoka pembe ya ukurasa. Hakuna palipoandikwa kwamba tarakimu hii ni ya Dodoma na ile ni ya Singida. Jicho lako ndilo linalounganisha, kwa kuwa linaona zimepangwa katika mstari mmoja. Programu inayotoa takwimu hulazimika kukisia yale ambayo jicho linayaona. Na anayekisia hukosea.

Sasa msikilizaji utauliza: tufanyeje? Kwanza ujue una faili la aina gani, maana zipo mbili. Fungua faili, kisha jaribu kuchagua neno moja kwa kuburuta kipanya juu yake. Neno likikubali kuchaguliwa peke yake, kwa kawaida faili lilitengenezwa na kompyuta moja kwa moja na lina herufi za kweli ndani yake. Likikataa, au ukurasa mzima ukachaguliwa kama kipande kimoja, ulichonacho ni picha. Mtu alichukua karatasi, akaipitisha kwenye skana, akakuletea picha ya karatasi.

Tuanze na aina ya kwanza. Wengi wetu hunakili na kubandika, na matokeo yake huwa vurugu: safu zote zinarundikana katika safu moja. Iko njia bora. Ipo programu ya bure iitwayo Tabula, iliyobuniwa na Manuel Aristarán, Mike Tigas na Jeremy B. Merrill kwa ajili ya waandishi wa habari waliochoshwa na shida hii hii. Unaiweka kwenye kompyuta yako, unafungua faili, unachora mraba kuzunguka jedwali unalolitaka, nayo inakupa safu na mistari unayoweza kuihifadhi. Kazi hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, hivyo nyaraka za siri hazisafiri kwenda kwa mtu usiyemjua, tofauti na zile tovuti zinazokuambia ulete faili likageuzwe.

Tabula ina njia mbili za kukisia, na inafaa kuzijua. Njia moja hufuata mistari iliyochorwa kugawa vyumba vya jedwali. Nyingine hufuata nafasi tupu zilizo kati ya safu. Jedwali lenye mistari kamili tumia ya kwanza, jedwali lisilo na mistari tumia ya pili. Matoleo mapya ya Excel nayo yanaweza kusoma majedwali kutoka faili la PDF bila programu ya ziada.

Aina ya pili, ile ya picha, ni ngumu zaidi. Hapa unahitaji programu ya kutambua maandishi, inayotazama weusi na weupe wa picha na kuamua kwamba hii ni 8, ile ni 3. Mojawapo inayotumika sana bila malipo ni Tesseract, iliyoanza katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa huru kwa umma mwaka 2005. Karatasi ikiwa safi na chapa ikiwa nzito, husoma vizuri. Karatasi ikiwa imepinda, imefifia au ina muhuri juu ya tarakimu, 1 hugeuka herufi l, 0 hugeuka O, na 5 hugeuka S.

Tena usidhani picha yenyewe haiwezi kudanganya. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuchukua picha za karatasi. Kwenye ramani ya jengo, vyumba vitatu vilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Nakala iliyotoka ilionyesha 14.13 kwa vyumba vyote vitatu. Sababu yake ni kwamba ili faili liwe dogo, mashine ilihifadhi mara moja tu vipande vya picha ilivyoviona vinafanana, kisha ikavirudia mahali pengine. Tarakimu zilizotoka zilikuwa safi na zenye kusomeka. Zilikuwa za uongo tu. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho.

Mwandiko wa mkono huzidisha ugumu. Majirani zetu wa Kenya walituonyesha hilo baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, 2022. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka kwenye intaneti picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo. Vituo vilikuwa 46,229. Ulikuwa uwazi wa kusifiwa, maana mwananchi yeyote aliweza kuitazama fomu ya kituo chake. Lakini ili kupata jumla ilibidi mtu asome mwandiko wa mkono, fomu moja baada ya nyingine. Vyombo vya habari viliketisha watu kufanya kazi hiyo. Kwa kuwa kila chombo kilianza na fomu zake na kwenda kwa kasi yake, mtazamaji aliyehama kutoka stesheni moja kwenda nyingine aliweza kukuta anayeongoza ni mtu mwingine. Wasiwasi ulioletwa na jambo hilo haukuwa mdogo. Kumbe kuonyesha takwimu ni kazi moja, na kuwezesha zihesabiwe ni kazi nyingine.

Haya, tuseme umekwisha kuzitoa. Hapo wengi hushangilia, kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Sasa inabidi uzihoji takwimu zako kama hakimu anavyomhoji shahidi, na swali la kwanza ni la jumla. Chukua Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022. Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Jumlisha: utapata 61,741,120, na ndiyo jumla iliyotangazwa. Sasa jumlisha kwa upande mwingine: wanaume 30,053,130, wanawake 31,687,990. Unapata 61,741,120 ile ile. Njia mbili zimefika mlango mmoja. Tarakimu moja ingeharibika njiani, hata 3 moja kugeuka 8, moja ya njia hizo isingefika.

Jumla zisipolingana, ipo mitego minne ya kuangalia kwanza. Mtego wa kwanza ni mstari wa jumla uliochanganyika na mistari ya kawaida. Ukijumlisha wilaya zote pamoja na mstari wa mkoa wao, umehesabu watu wale wale mara mbili. Wa pili ni tarakimu zilizogeuka kuwa maandishi kwa sababu ya nafasi tupu au mkato uliojipenyeza. Excel huziruka kimya kimya wakati wa kujumlisha. Kwa kawaida utazitambua kwa kuwa zimeegemea kushoto mwa chumba badala ya kulia. Wa tatu ni mabano. Wahasibu huandika hasara ndani ya mabano, na mabano yakipotea njiani hasara inageuka faida. Wa nne ni tanbihi, ambayo habari zake nimekwisha kuzitubu.

Hata jumla zikilingana usilale. Makosa mawili yanaweza kufutana, na majina mawili yanaweza kubadilishana tarakimu bila jumla kutikisika. Kwa hiyo chagua mistari kumi au ishirini bila upendeleo, uilinganishe na ukurasa wenyewe kwa jicho. Afadhali muwe wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole, kama makarani wa zamani walivyofanya. Kisha andika pembeni takwimu hiyo imetoka taarifa gani, mwaka gani na ukurasa wa ngapi. Atakayepiga simu kukuuliza utakuwa na la kumjibu.

Najua wako watakaosema: mzee, hayo yote ya nini? Siku hizi tunaipa akili mnemba faili, inatupa jedwali. Ni kweli, na mara nyingi inafanya vizuri, hata kwenye picha. Lakini ile 183 yangu ilikuwa na kasoro inayoweza kugundulika, kwani kila tarakimu yake ilikuwapo ukurasani. Akili mnemba inaweza kukuandikia tarakimu ambayo haikuwapo popote, na kuipanga vizuri katika safu yake. Itumie kama mbeba mizigo mwenye nguvu, lakini ukifika nyumbani hesabu mizigo yako.

La mwisho nawaelekea wenye ofisi. Jedwali lililomo katika taarifa yenu halikuzaliwa PDF. Karani wenu alilitengeneza katika Excel au programu nyingine ya hesabu, likageuzwa kuwa ukurasa mzuri, na pengine likachapishwa, likapigwa muhuri, likapitishwa kwenye skana. Kila hatua ilizidi kulifunga. Toeni taarifa yenu nzuri, na pembeni yake wekeni lile jedwali la awali. Halina gharama mpya, kwa maana mnalo tayari. Mtamwokoa mwanafunzi na majuma ya kunakili, na mtajiokoa wenyewe na waandishi kama mimi wanaowazidishia visima.

Katika maduka yetu mengi paliandikwa ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa letu daftari linalo. Linalobaki ni daftari hilo liweze kuhesabiwa na mwenye mali. Yule mwalimu hakuhitaji kompyuta kunisahihisha, kwa sababu visima vyake alivijua. Lakini ni nani anayejua kwa macho yake shule zote za mkoa, au dawa zote za zahanati za wilaya? Huko tunategemea tarakimu peke yake, na tarakimu ikikosewa, hakuna simu itakayolia.