Ua la zambarau lilivyomponza beste wangu Naivasha

Jumamosi moja tulikuwa kwenye boti Ziwa Naivasha, simu juu, kila mtu akisaka picha kali. Beste wangu akang'oa mmea wenye ua la zambarau, akautumbukiza kwenye chupa ya maji. Eti ataufuga kwenye beseni la samaki kule ploti.

Mzee wa boti akazima injini. "Binti yangu, hiyo usiende nayo."

"Lakini mzee, ni ua tu!"

Ua tu? Lile lilikuwa gugumaji, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeonekana ziwani humo mwaka wa 1988. Kulitambua si kazi. Cheki kikonyo cha jani: kimefura kama puto, na ukikipasua, ndani ni sponji tupu. Ndicho kinachofanya lielee. Petali ya juu ina doa la manjano, na mizizi myeusi imening'inia kama manyoya. Likipata joto na mbolea inayotiririka kutoka mashambani, huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Boti hukwama, nyavu hunasa, na mvuvi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mgeni mwingine ni salvinia kutoka Brazil. Huyu ni jamii ya kangaga, kwa hivyo usitafute ua. Majani yake madogo yana vinyweleo vinavyofukuza maji. Fukusi walioletwa mapema miaka ya 1990 walimpunguza sana.

Sasa wenyeji, ambao hakuna anayewapiga picha. Yungiyungi la samawati lina jani la duara lenye mpasuko, limelala juu ya maji, na kikonyo chake kirefu kinashuka hadi kwenye tope. Gugumaji linaloelea ukilivuta linakuja lote na mizizi, yungiyungi linakataa.

Halafu kuna potamogetoni, inayoishi chini ya maji. Shina ni jembamba, jani moja upande huu, lingine upande ule. Aina moja ina majani membamba kama uzi. Ikichanua, kijishada kidogo kisicho na mvuto huchungulia juu, basi. Lakini samaki wadogo hujificha humo, na wale ndege weusi wenye paji jeupe huitegemea kwa chakula. Mwaka wa 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani. Wakafyeka potamogetoni na yungiyungi, na ndege nao wakapungua.

Ndiyo maana zile shughuli za kusafisha ziwa, ambapo vijana hung'oa chochote cha kijani ili kamera ione, hunikera. Unaweza kuwa unabomoa nyumba ya samaki ukidhani unamfukuza mgeni.

Mzee aliuacha ule mmea sakafuni mwa boti, juani. Tulipofika ufukweni ulikuwa umeanza kulegea. Beste, bado amenuna, akaambiwa amwage maji ya ile chupa mbali na ziwa, kwenye mchanga mkavu.