Nyutro na Ethi Zikutane Mahali Pamoja Tu

Nyumba nyingi za zamani za Malvern, zile za mitaa inayokatiza Jules Street mashariki mwa Johannesburg, zilijengwa kwa ajili ya familia moja, taa chache na jiko. Leo uani kuna vyumba vya kupangisha, na humo wanaishi watu kutoka Zimbabwe, Msumbiji na Kongo, wakiwemo wenzetu wa Bukavu na Uvira. Umeme wao hutolewa kwenye boksi la breka la nyumba kubwa, ukapitishwa ukutani au juu ya bati hadi kwenye boksi dogo la pili. Ni katika boksi hilo la pili ndipo hufanyika kosa ninalolihofia kuliko yote: fundi hukuta nyaya mbili zisizo na moto, nyutro na ethi, akaona ni mamoja, akazifunga pamoja.

Si mamoja. Ukiwasha birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230, karibu ampea 9 huingia kwa laini, yaani waya wenye moto, na hizohizo hutoka kwa nyutro kurudi kwenye transfoma ya mtaa. Nyutro iko kazini kila sekunde birika linapochemka. Ethi haibebi chochote. Imeshikizwa kwenye bati la friji, kwenye jiko na kwenye tangi la maji moto, ikingoja siku ambayo laini itachubuka na kugusa bati.

Watu wengi wanaamini kwamba siku hiyo ethi itaupeleka umeme udongoni na utaishia huko. Umeme hauishii udongoni. Unatafuta njia ya kurudi ulikotoka. Chukua fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 20. Volti 230 zitasukuma ampea 11 na nusu tu kupitia hapo, na breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo. Bati litabaki na moto. Lakini njia ya kurudi ikiwa ni shaba tupu, yenye ukinzani wa nusu omu kwa jumla, zitapita ampea 460 na breka itaruka papo hapo. Ndiyo sababu upande wa msambazaji, kabla ya swichi kuu ya nyumba, ethi na nyutro huunganishwa: ili shoti ipate njia fupi ya kurudi. Kwa hesabu hiyohiyo unaona kwa nini fimbo peke yake haitoshi.

Baada ya muungano huo mmoja, nyaya hizo mbili hazitakiwi kukutana tena. Zikifungwa pamoja kwenye boksi la uani, umeme unaorudi hugawanyika: sehemu inapita kwenye nyutro, sehemu kwenye ethi. Nyutro ikilegea njiani, ambalo ni jambo la kawaida kwa waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu, mzigo wote unahamia kwenye ethi. Na ethi nayo ikikatika, friji la mpangaji linakuwa na moto mwili mzima mara tu kitu chochote kinapowashwa. Breka haiwezi kuokoa, kwa sababu yenyewe inaona ampea za kawaida.

Kinachoweza kugundua hatari hiyo mapema ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia. Hufanya kazi kama mizani: hupima kilichotoka kwa laini na kilichorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata vyote viwili. Kifaa hiki kina historia hapa nchini. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin alitengeneza mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya migodi mirefu ya dhahabu, kisha ukaboreshwa na kuwekwa kwenye nyumba za mji wa migodi wa Stilfontein. Leo soketi za nyumbani Afrika Kusini zinapaswa kulindwa nacho kwa sheria.

Nyutro ikigusana na ethi mahali fulani ndani ya nyumba, mizani hiyo inaruka mara kwa mara, na kuzima breka ndogondogo mara nyingi hakusaidii kwa sababu hizo hukata laini tu. Hitilafu inabaki palepale kwenye nyutro. Kuitafuta ni kazi ya subira: nyutro zifunguliwe, zipimwe moja moja. Fundi asiye na subira huziunganisha soketi bila kupitia kifaa hicho, umeme "unatulia", analipwa, anaondoka. Jambo hili linanikasirisha, kwa sababu aliyeita fundi ameondolewa ulinzi wake huku akiamini ametengenezewa.

Kitufe kibonyezwe kila mwezi, ila ujue mipaka yake. Kinathibitisha kwamba kifaa kinaruka; hakisemi lolote kuhusu ethi. Kitaruka vizuri hata katika nyumba ambayo waya wa ethi ulikatika zamani. Ethi hujulikana kwa kupimwa na mita.

Rangi nazo zitazamwe. Nyaya za ukutani katika nyumba za huku kwa kawaida ni nyekundu kwa laini, nyeusi kwa nyutro, na shaba iliyo uchi kwa ethi. Kwenye kamba ya kifaa ni kahawia, bluu, na kijani yenye mistari ya njano. Mtu aliyezoea seti moja asibahatishe nyingine.

Kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2009 zinadai karibu kila nyumba iwe na cheti cha usalama wa umeme, kilichotiwa saini na mtu aliyesajiliwa. Nyumba ikiuzwa, cheti kisiwe kimezidi miaka miwili. Mfumo ukiongezwa baadaye, nyongeza hiyo nayo inahitaji cheti chake, na chumba cha uani chenye boksi lake ni nyongeza. Mpangaji anaweza kumwomba mwenye nyumba amwonyeshe karatasi hiyo kabla ya kulipa kodi ya kwanza.