Picha ya bibi: weka taa pembeni, chale zionekane

Mzazi mwenzangu, fungua simu yako utafute picha ya mama yako akiwa peke yake, uso ukionekana vizuri. Wengi wetu tuna picha za watoto hadi simu inajaa, lakini ya bibi yao ni ile ya harusini, kasimama nyuma ya keki, bega limekatwa.

Kwa familia za Kitaya, kijiji cha Mtwara kilicho kando ya mto Ruvuma, jambo hili si dogo. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto kutoka Msumbiji wakakivamia kijiji. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, habebi albamu. Isitoshe, wazee wa Kimakonde wenye chale za usoni wanazidi kupungua. Wajukuu wengi watazijua chale hizo kwa picha tu.

Wapiga picha wa zamani hawakuwa na haraka. Studio ya Capital Art ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa kawaida wa filamu ulitoa picha 36, ule mpana wa picha za mraba 12 tu. Kwa hiyo mtu alikalishwa, akawekwa sawa kola, taa zikapangwa, ndipo akapigwa. Na negativu ilibaki: picha ya ukutani ikiharibika, nyingine ilisafishwa.

Siri ilikuwa kwenye taa. Flashi iliyo juu ya kamera humulika uso moja kwa moja. Makunyanzi na chale hufifia, uso huwa bapa kama sahani, na kivuli cheusi hujibandika ukutani. Flashi ikitolewa kwenye kamera na kuwekwa pembeni, juu kidogo ya kichwa, mwanga hupita usoni kimshazari na kila chale hupata kivuli chake. Picha isiyo na rangi hutegemea kivuli hicho kuchora uso. Ndiyo maana wapo wanaopiga kwa filamu hadi leo, flashi ikiwa kwenye stendi, mbele yake mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga.

Huna filamu wala flashi? Simu inatosha.

Kwanza mwombe mzee ruhusa. Chale zake si kitu cha kuchezea mtandaoni. Mkalishe karibu na mlango ulio wazi, mwanga umjie ubavuni, si usoni. Nyuma yake tundika kitenge cheusi, hatua moja au mbili kutoka alipokaa. Zima flashi ya simu. Usiku, mtoto mkubwa ashike tochi ya simu nyingine pembeni, ameifunika kwa kitambaa cheupe. Gusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo, si kwenye ukuta. Piga chache, taratibu, ukizungumza naye. Baadaye ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe.

Kisha nenda ukaisafishe, nakala mbili au tatu. Nyuma andika kwa penseli jina lake, kijiji na mwaka. Moja ibaki kwako, nyingine mpe ndugu anayeishi mji mwingine, ili msiba wa nyumba moja usiondoke na zote.