Yapasue Kabla Hujailaumu Mashine

Fedha za korosho huanza kuingia mwishoni mwa mwaka. Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa hununuliwa bati, pikipiki na, siku hizi, mashine ya kutotolesha vifaranga. Mwenye mashine pale Lionja anakusanya mayai ya kienyeji kwa majirani, anajaza trei mbili, anahesabu siku 21, na mwisho wanatoka vifaranga kumi na watano. Lawama zote zinaiendea mashine: ni ya bei rahisi, kidhibiti joto chake kibovu, umeme nao unakatika kila mara. Huenda ni kweli. Lakini ushahidi wa kesi hiyo umo ndani ya mayai arobaini na matano yaliyobaki, na hayo hutupwa shimoni bila kuangaliwa.

Mayai viza yapasuliwe. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na banda, na anza upande butu ulio na mfuko wa hewa. Usingoje hata siku ya 21: siku ya saba usiku, chukua tochi ya simu, liangaze yai moja moja kupitia tundu la boksi. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Lililo jeupe, lipasue palepale kwenye sahani. Ukikuta juu ya kiini nukta ndogo nyeupe iliyokazana, bila duara lolote kuizunguka, yai halikurutubishwa. Hapo mashine haina kosa hata kidogo, aulizwe jogoo. Jogoo mmoja huwatosha mitetea kumi hivi, akiwa mzima na si mzee. Jambo linalosahaulika zaidi ni hili: jogoo akichinjwa sikukuu, mitetea wake huendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki moja hadi mbili, kisha basi. Anayekusanya mayai mitaani mwezi Januari anaweza kuwa anakusanya mayai ya kukaanga tu. Ya dukani, ya kuku wa mayai wasiokuwa na jogoo bandani, hayafai kuwekwa kwenye mashine kabisa.

Ukikuta pete ya damu, hapo kulikuwa na uhai, ukakatika katika siku za mwanzo. Huku kusini mimi huishuku kwanza hifadhi ya mayai, kabla sijagusa mashine.

Yai likitagwa tayari kiinitete kimeshaanza kukua ndani ya mama yake. Likipoa nje, ukuaji husimama, na husimama vizuri pale ambapo joto halizidi nyuzi 20 hivi. Sasa fikiria chumba chenye paa la bati mwezi Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijashika. Mchana joto la humo hupita 30 kwa urahisi, na usiku halishuki vya kutosha. Kiinitete hakilali wala hakikui sawasawa. Hujikongoja siku nzima nzima, na kikija kuingizwa kwenye mashine kimeshachoka. Na huo ndio msimu ambao mashine nyingi huwashwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndipo fedha ya korosho inapopatikana.

Msomaji atauliza: mbona kuku mwenyewe huyaacha mayai kumi na mawili kichakani, kisha akaatamia na kutotoa karibu yote? Swali zuri. Kila anapokuja kutaga huyalalia ya jana na juzi kwa muda, anayapasha na kuyageuza, halafu anaondoka yapoe. Watafiti wa utotoleshaji wamethibitisha kwamba yai lililohifadhiwa likipashwa joto la kweli kwa saa chache kisha likapozwa, huvumilia hifadhi vizuri zaidi. Kinachoua ni vuguvugu lisilokwisha. Isitoshe, kiota chake kiko chini kivulini, si juu ya kabati chini ya bati.

Kwa hiyo okota mayai mara tatu kwa siku, uyaweke kwenye nyumba ya udongo yenye paa la nyasi kama ipo, karibu na mtungi wa maji, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Yasizidi siku saba. Yenye uchafu yafutwe kwa kitambaa kikavu. Ukiyaosha kwa maji baridi, vijidudu hufyonzwa kupitia vitundu vya ganda. Yaliyosafiri kwa bodaboda kwenye barabara za makorongo yalale usiku mmoja yametulia kabla ya kuingizwa.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalouma: kifaranga kamili, manyoya yote, amefia ndani ya ganda. Hapa ndipo mashine inaposhtakiwa kwa haki, na mara nyingi tatizo ni unyevu. Hadi siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza maji kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake. Tumia mizani: mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 1,200 siku ya kwanza yawe yamefika kama gramu 1,055 siku ya 18. Yakiwa mazito zaidi, mfuko wa hewa ni mdogo na kifaranga huzama katika majimaji. Yakiwa mepesi mno, utando humganda mwilini akashindwa kujigeuza ndani ya ganda. Maelekezo mengi yanayokuja na mashine husema jaza maji tangu siku ya kwanza, bila kujali mwezi. Februari, mvua zikiwa zimekolea Nachingwea, hewa yenyewe ina maji tele. Agosti ni habari nyingine. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Tanganyika mwaka 1947 na kufutwa 1951, ulifika hapahapa Nachingwea na matrekta yake bila mvua na udongo kupimwa ipasavyo. Pima.

Na vipimo vyenyewe vipimwe. Chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa nane. Ndani ya mfuko huo unyevu hufika asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, jua kinapunguza saba. Kipimajoto kilinganishe na kile cha homa, vyote vikiwa kwenye kikombe kimoja cha maji ya nyuzi 37 au 38. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5, isiyo na feni inataka 38.5 hivi, ikipimwa usawa wa juu ya mayai. Vifaranga wakitoka siku ya 19 wakiwa wadogo na vitovu vibichi, joto limezidi. Wakichelewa hadi siku ya 23, wazito na wanyonge, limepungua.

Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango kuchungulia. Kiinitete huvumilia ubaridi wa saa kadhaa kuliko kinavyovumilia joto la kuzidi. Funika mashine kwa blanketi, na ukifungua iwe mara moja tu, kuingiza chupa za maji ya moto zisizogusa mayai. Ila kama mayai yamepita siku ya 14, usizibe matundu ya hewa: kufikia hapo yanatoa joto lake yenyewe, na yanapumua.