Gari Kuukuu: Tulitengeneze au Tuliuze?



Mambo ya gari huonekana kuwa ya wakubwa wa ofisini, si ya sisi tunaosimama mbele ya mashine au tunaokata miwa. Lakini hapa Uganda wapo wafanyakazi waliochanga fedha wakanunua gari moja la kushirikiana. Gari hilo likianza kuugua, ubishi huingia. Mmoja husema litengenezwe, mwingine husema liuzwe tukakope kwenye chama cha akiba. Na hapo akiba ya miaka yaweza kupotea, kwa upande wowote ule.

Mimi ni mmoja wa watu watano wa zamu ya jioni katika kiwanda kimoja cha Jinja. Mwaka 2016 tulinunua Toyota Corolla iliyotengenezwa mwaka 1998, kwa kuwa zamu yetu huisha saa nne usiku, na njia ya kurudi nyumbani si ya kutembea peke yako. Wawili kati yetu ni akina mama, na ndio waliotoa fedha kwanza. Kufika mwaka 2023 mita ilisoma kilomita 312,000. Oili ikaanza kupungua, na kila tulipoliwasha usiku, baada ya kusimama tangu saa nane mchana, lilitoa moshi wa buluu. Fundi wa kwanza alisikiliza mlio kidogo tu, akasema injini imekwisha. Alitaka shilingi milioni mbili na nusu kwa injini ya mtumba, la sivyo tuliuze jinsi lilivyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza kubishana juu ya bei kabla ya kujua ugonjwa.

Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua. Lakini oili ina njia zaidi ya moja ya kuingia mahali pa moto. Moshi ukitoka wakati wa kuwasha tu, kisha ukapotea, mara nyingi zilizochoka ni sili za vali, yaani vile vipira vidogo vinavyozuia oili isiteremke. Ukizidi gari linapovuta mlima, shuku ringi za pistoni, na hiyo ni kazi kubwa. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huonyesha kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukifungua kifuniko cha oili ukaona kitu kama chai ya maziwa, usiliendeshe hata hatua moja zaidi.

Fundi wa pili hakusikiliza mlio. Alitoa plagi, akafunga geji ya kupimia kompresheni kwenye kila silinda, moja baada ya nyingine. Silinda zote nne zilikaribiana. Alitueleza kwamba kama moja ingekuwa chini sana, angetia oili kidogo ndani yake na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi ndizo zimekula, kisipopanda, tazama vali au gasketi. Kipimo hiki huchukua chini ya saa moja. Ugonjwa wetu ulikuwa sili za vali. Tulilipa 450,000 pamoja na kazi yake. Fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kuuza injini, mwogopeni.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana si kila mtu atabahatika kama sisi. Watu wengi hulinganisha gharama ya fundi na bei ya gari lenyewe. Husema, "Gari hili likiuzwa halizidi milioni saba, kwa nini nilitie milioni mbili na nusu?" Hesabu hiyo inadanganya. Linganisha gharama ya fundi na gharama ya kulipata gari jingine. Tuseme gari jingine ni milioni 24. Ukiuza la zamani kwa saba, unabaki na pengo la 17. Ukikopa 17 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia moja na nusu kila mwezi juu ya deni lililobaki, utalipa karibu 615,000 kwa mwezi, na mwisho utakuwa umetoa zaidi ya milioni 22. Kwetu watano ingekuwa kama 123,000 kwa kila mmoja, ikikatwa kwenye mshahara kila mwezi, uwe mzima au mgonjwa, kiwanda kiwe na kazi au kimefunga. Hata ile injini ya mtumba ingekuwa 500,000 kwa kila mtu, mara moja.

Tafuteni daftari, muandike kila shilingi iliyoingia kwenye gari kwa miezi 12. Lakini msihesabu matairi, betri, oili wala pedi za breki kuwa ni gharama za uzee. Gari lo lote hula vitu hivyo. Fedha mlizotumia mwaka juzi nazo ziacheni. Mwenzetu mmoja alikuwa akisema, "Hatuwezi kuliuza, tumelitia giaboksi juzi tu." Giaboksi ile imekwisha lipiwa, tuuze au tusiuze.

Na hilo gari jingine nalo si jipya. Ni mtumba kutoka Japani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini la mgeni hujui litaanzia wapi. Tangu sheria ya mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingizwa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo yale ya bei ya chini kabisa hayapo tena bandarini. Mkinunua, ombeni hati ya kusafirishia gari kutoka Japani, kwani huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mita ikisema 80,000 na mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma, aminini pedali.

Lipo jambo moja lisilo na hesabu, nalo ni kutu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, lakini bodi na chesisi ndizo gari lenyewe. Inueni mikeka, liwekeni gari juu ya jeki na vigingi, mchokonoe kwa bisibisi chini ya milango na pale zinapofungwa shoki. Bisibisi ikizama mahali shoki zinaposhika, acheni ubishi. Kiraka cha kuchomelea juu ya chuma kilichooza hakitawashika watu watano kwenye barabara ya malori usiku.

Letu lilikuwa na kutu chini ya mlango wa dereva tu, nasi tukakubaliana kwa maandishi kwamba siku itakapofika kwenye shoki tutaliuza bila mkutano mwingine. Tangu hapo kila mmoja hutoa 60,000 kwa mwezi, nusu ya ile ambayo mkopo ungetukata. Kwa mwaka ni shilingi 3,600,000. Fundi hulipwa humo, na kinachobaki kinangoja. Bisibisi iko kwenye buti, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mmoja wetu hulala chini ya gari.