Filamu ya Burma iliyonirudisha kwa nyanya Msambweni

Bando ikibaki kidogo mimi huwa simalizi filamu. Lakini hii ya Al Jazeera, The Burma Boy, niliimaliza nimesimama nje ya duka pale Ukunda, tuktuk zikinipigia honi niondoke njiani.

Ni ya mwaka 2011, haifiki saa moja. Mwanahabari Barnaby Phillips anamfuata mzee wa Nigeria, Isaac Fadoyebo, aliyeingia jeshi la Mwingereza akiwa na miaka 16. Machi 1944 Wajapani walishambulia kikosi chake huko Burma. Isaac akaumia mguu na tumbo, akabaki msituni. Mkulima Mwislamu aitwaye Shuyiman akamficha kwa miezi mingi. Yani fikiria, Wajapani wakigundua, ni wewe na watoto wako. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Phillips anabeba barua ya shukrani ya Isaac hadi kwa familia ile. Hapo nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Sasa, hata kwetu kuna mtu wa Burma. Baba yake nyanya alikuwa keya, ndivyo wazee walivyowaita askari wa KAR. Mimi nilichojua ni kwamba "alirudi na pepo". Basi.

Jumamosi nikapanda matatu ya Lunga Lunga, nikashuka Msambweni na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba. Leo umekumbuka njia?"

Nilipomuuliza habari za babake alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kopo la Kimbo. Ndani mna medali, nyota iliyopoteza rangi. Akaniambia babake alikuwa mvuvi, mtoto wa mvuvi, lakini aliporudi kutoka Bama hakukanyaga ngalawa tena. Alilima mihogo mpaka akafa. Usiku alikuwa akipiga kelele kwamba wazungu wametupia mabomu watu wao wenyewe, na watu wako majini wanaogelea. Nani angeamini? Akapelekwa kwa waganga, akapungwa, mbuzi wakachinjwa. Mwisho akaacha kusema.

Nilirudi Ukunda usiku ule sikulala, nikaanza kutafuta.

Februari 1944, msafara wa meli za wanajeshi uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu 1,511, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Meli ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Halafu nyambizi ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Manowari za Uingereza zikaona ikiachwa itazamisha meli nyingine, zikaangusha mabomu ya kulipukia majini palepale, watu wakiwemo. Waliokufa kwa jumla ni 1,297.

Niliisoma mara tatu. Mzee hakuwa na pepo. Alikuwa kwenye meli ya nyuma, akaona.

Kisha mwaka 2019 magazeti yakachapisha hati za Uingereza kuhusu malipo ya kuagwa jeshini: mzungu wa cheo cha chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika shilingi 3.50. Hapo sina la kuongeza. Na majina ya wengi waliozama yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Nimepita pale na matatu mara ngapi, sikuwahi hata kugeuza shingo.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo, nikisomea utangazaji. Nilichobaki nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka. Jumapili nikarudi nayo Msambweni, nikamsomea nyanya yote niliyoyapata, polepole. Alisikiliza akiwa ameshika lile kopo. Mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo wale mbuzi tulichinja bure?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia nataka kumrekodi asimulie yeye mwenyewe, nianze na ile siku babake alipokataa ngalawa. Nikaegemeza simu kwenye kinu, nikabonyeza.

"Hebu zima kwanza," akasema, akiinuka. "Nikavae leso ya maana."